Baba Mkwe Kibarazani

Esnath alikuwa mkamwana wa mzee Andongwisye wa Ibighi, na jina hilo ninalitaja mimi tu. Yeye hajapata kulitamka. Kwa mila ya Wanyakyusa, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona mbele anaiacha njia, anaingia migombani, anainama na kujifunika mpaka mzee apite. Makanisa yamehubiri weee, na wengi wameacha. Mzee Andongwisye, pamoja na kuwa mzee wa kanisa, hakuacha.

Wenye miguu mizima mambo hayo wanayamudu. Esnath aliugua polio akiwa na miaka minne, na alitembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Sasa baiskeli hiyo uiingize migombani, kwenye mitaro na matope ya Tukuyu, uone kama itatoka.

Miaka sita ya ndoa haikuwa shida. Mzee alishinda kiwandani kwenye chai, na mchana Esnath aliteremka hadi ukumbi wa zamani wa ushirika, ambako mwalimu Hezron, mtu wa Singida, alikuwa ameanzisha klabu ya mpira wa meza ya watu wenye ulemavu. Meza waliichonga wenyewe, miguu yake wakaisogeza katikati ili baiskeli ziingie chini hadi magotini. Pale hakuna aliyemwambia pole. Mpira ukija unarudisha. Usiporudisha, pointi si yako, basi.

Halafu ukaja ubinafsishaji. Kiwanda kikapata mwenyewe mpya, wazee wakapunguzwa kazi, na mzee Andongwisye akarudi nyumbani na koti lake la mvua la kazini, akaweka kiti kibarazani. Kibaraza kilitazama njia, na njia ilikuwa moja tu. Tangu alfajiri hadi jioni mzee alikuwa pale, akiitazama barabara kana kwamba kiwanda kitapita kumchukua.

Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Esnath alipiga mpira kwenye ukuta wa jikoni mpaka mpira wenyewe ukapasuka. Na Jumamosi Hezron angechagua mwanamke mmoja wa kwenda kwenye mashindano Mbeya.

"Baba Happyness, mwambie basi akae uani, hata saa moja," alimwomba mumewe.

"Nimwambie baba yangu ahame kwenye kiti chake kwa ajili ya mke wangu? Unataka watu wanicheke?"

Lwitiko, mumewe huyo, aliuza mitumba Msasani ya hapohapo Tukuyu, na kwa mdomo wake angeweza kumuuzia mtu koti lenye mkono mmoja. Mbele ya baba yake hana ulimi. Basi akazunguka: akamwendea Hezron, akamwomba amtafutie mzee kazi yoyote, popote, haraka. Sababu aliona aibu kuisema, na Hezron, mgeni wa watu, angeijulia wapi?

Jumamosi kiti kilikuwa kitupu. Esnath hakuamini. Akapita mbele ya kibaraza akicheka peke yake, akateremka na manyunyu yake hadi ukumbini.

Mlangoni, kwenye benchi, alikaa mlinzi mpya na rungu lake. Alikuwa mzee Andongwisye. Mwalimu Hezron alikuwa ametenda wema.

Esnath akashika breki, akavuta kanga usoni. Ukumbi ule ulikuwa na mlango mmoja. Kurudi hakuweza, kwani mlima wenye utelezi namna ile ulitaka mtu wa kumsukuma; kwenda mbele ndiyo kabisa. Akabaki hapo katikati, mvua ikimwingia mgongoni, akawachukia wote: mzee, Lwitiko, Hezron, na miguu yake mwenyewe.

"Esnath!" Hezron akaita kutoka ndani. "Hayupo? Hiyo ya kwanza."

Mzee akakohoa. Kila mkamwana anakijua kikohozi hicho: nipo hapa, jifiche. Angejificha wapi?

"Esnath! Ya pili. Nikifika ya tatu nakata jina."

Benchi likalia. Esnath akangoja kusikia hatua, asisikie kitu. Akainua pindo la kanga. Mzee Andongwisye alikuwa amesimama akiukabili ukuta, rungu likiwa chini. Alikuwa amelivuta koti la mvua juu ya kichwa mpaka uso wote ukapotea, ameinama vile wanavyoinama wake za watu migombani.

Esnath akazungusha mikono. Gurudumu likapita karibu kabisa na kisigino cha mzee.

"Esnath! Ya tatu..."

"Nipo!" akapaza sauti, na mzee ndani ya koti akashtuka. Miaka sita ameishi na mkamwana huyo mji mmoja, na sauti yake hakuwahi kuisikia.