Tulikuwa Tunakagua Malambo Makavu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivuliwa viatu. Nilikuwa nimeripoti ofisi ya maji Sumbawanga asubuhi, cheti cha fundi sanifu mkononi, viatu vimepigwa kiwi mpaka vinang'aa. Kabla sijaonyeshwa hata meza yangu, Mhandisi wa Maji wa Mkoa alinipakia kwenye Landrova, tukaenda kwenye lambo moja njia ya Kasanga. Ilikuwa Januari, na mvua ya Ufipa ilikuwa inanyesha tangu alfajiri bila dalili ya kuchoka. Tuliposhuka alinitazama miguuni akasema, "Vua viatu, kijana. Na soksi."

Kwa vijana ambao hamjawahi kuyajali mambo haya, lambo ni bwawa dogo. Unaziba bonde kwa tuta la udongo, maji ya mvua yanakaa nyuma yake, ng'ombe wanakunywa na watu wanamwagilia bustani. Hakuna saruji wala nondo. Kuna udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri, au ulioshindiliwa vibaya, na kwa macho huwezi kutofautisha. Ndiyo maana Mhandisi alinitembeza peku chini kabisa ya tuta, upande usio na maji, mahali tunapopaita kitako.

"Unahisi nini?" aliniuliza.

"Baridi, mzee."

"Baridi Ufipa ipo kila mahali. Nakuuliza ni wapi udongo umelegea."

Hatua chache mbele mguu wangu ulizama mpaka kifundoni. Mhandisi akainama, akachota kwa kiganja maji yaliyokuwa yanachuruzika pale, akanionyesha.

"Yako safi au ya tope?"

"Safi, mzee."

"Basi andika, na wiki ijayo turudi. Tuta la udongo lazima livuje kidogo. Lakini siku ukikuta maji ya tope, ujue yanabeba udongo wa ndani, tuta linaliwa kutoka tumboni. Siku hiyo usiandike chochote. Fungulia maji, watoe watu bondeni."

Halafu akanipeleka pembeni kwenye utoro, yaani mfereji mpana unaopitisha maji ya ziada ili yasipande juu ya tuta. Aliingia ndani yake, akatembea mwanzo hadi mwisho, akitupa kila tawi alilolikuta. Alisema utoro ukizibwa, lambo limeshauawa, kilichobaki ni kungoja. Na akanipa agizo ambalo nililishika kwa miaka mingi: malambo hukaguliwa masika, yakiwa yamejaa. Kiangazi hata tuta bovu linakuwa na adabu.

Nilifanya kazi chini ya mzee huyo mpaka alipostaafu. Alikuwa mkali, tena mchoyo wa sifa. Lakini masika ikifika Landrova ilikuwa na mafuta, na sisi tulikuwa matopeni. Malambo mengi wakati huo yalikuwa ya serikali, ya vijiji, au ya mashamba ya umma. Likiwa na kasoro, ulijua umwamrishe nani.

Kisha yakaja mageuzi. Sitaki kusema yote yalikuwa mabaya; sukari na sabuni zilirudi madukani, na mimi nilifurahi kama wengine. Ila ofisini kwetu yalikuja kwa namna yake. Wenzangu walipunguzwa kazini. Landrova iliharibika, ikawekwa juu ya mawe, kuku wakataga ndani yake. Malambo yakagawiwa na kuuzwa kwa watu binafsi, nasi tukaambiwa kwamba tangu sasa sisi ni washauri. Ukaguzi ulibaki kwenye karatasi, ila bila gari wala mafuta. Ukawekwa utaratibu mpya ambao kila mtu aliuona wa busara: mwenye lambo atamfuata mkaguzi kwa gari lake, na kumrudisha.

Fikirini wenyewe. Anayekaguliwa ndiye anayechagua siku. Masika barabara zetu ni tope tupu, nani atahatarisha gari lake? Wote walikuwa wanakuja mwezi wa tisa, mwezi wa kumi, vumbi tupu. Nilitembea juu ya matuta makavu, viatu miguuni, nikagonga-gonga kwa fimbo, nikaandika. Na niliona aibu mwanzoni. Baadaye nilizoea, na kuzoea kwangu ndiko kunakoniudhi mpaka leo.

Lambo lile la njia ya Kasanga, nilikovuliwa viatu, liliuzwa pamoja na shamba la ng'ombe wa maziwa la umma. Aliyelinunua ni yule yule aliyekuwa meneja wa shamba hilo, na watu waliendelea kumwita Meneja. Hakuwa mtu mbaya wa kutisha. Alikuwa mcheshi, njiani alinisimulia habari za shule ya misheni tukacheka. Alipandikiza samaki aina ya perege, wakastawi, akawa anawauza mjini. Ila perege wana tabia moja: maji yakifurika, wanatoka na maji. Kwa hiyo kila masika Meneja aliziba utoro kwa wavu wa chuma, na nyuma ya wavu akapanga viroba vya mchanga ili maji yapande zaidi. Kila kiangazi aliviondoa, akaja kunichukua.

Nilijua. Niliona mabaki ya viroba majanini, na mashimo ya nguzo za wavu. Nikamwambia, "Meneja, hapa unaziba."

"Kidogo tu, Bwana Maji. Samaki wangu wataishia Zambia."

"Usizibe."

"Nimekusikia, ndugu yangu. Haitarudiwa."

Kwenye fomu nikaandika: utoro uko wazi. Siku ile ulikuwa wazi kweli.

Masika iliyofuata, Jumatatu, alikuja ofisini mama mmoja aliyeloa mpaka kwenye mifupa. Alijitambulisha kuwa ni Mama Beatha, kwamba yeye na mumewe, Mzee Ladislaus, wanalima maharage na vitunguu chini ya lambo la Meneja. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Alitoa kwenye kikapu chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi, akaiweka juu ya meza yangu. Ndani yake kulikuwa na maji mekundu ya tope.

"Yanatoka wapi, mama?"

"Kwenye kitako cha tuta, Bwana Maji. Jana yalikuwa kama mkojo wa mtoto. Leo kama bomba. Mume wangu kasema nikuletee wewe, ndiye unayekujaga kule."

Niliielewa ile chupa. Nataka hili lieleweke: sikuhitaji kufikiri. Nilikwenda mbio kwa Kaimu Mhandisi, akaitazama chupa, akavua miwani.

"Lambo ni mali ya mtu binafsi," alisema. "Sisi tunashauri. Mwandikie barua."

"Mkuu, hii si ya barua."

"Una gari?"

Sikuwa na gari. Niliandika barua, nikaipeleka kwa mkono dukani kwa ndugu yake Meneja mjini, nikaomba aje anichukue haraka. Mama Beatha nilimwambia awaambie watu wa bondeni wasilale kule chini, nami nitafika. Alinishukuru, akaondoka na mvua yake.

Kutoka Sumbawanga hadi pale ni mwendo wa saa sita kwa miguu. Yule mama aliutembea na umri wake. Mimi nilikuwa na baiskeli na koti la mvua la serikali, na nilikaa ofisini Jumanne na Jumatano nikichungulia dirishani kama pikapu ya Meneja inakuja. Nimejitetea mara nyingi: barabara, mkuu wangu, kazi nyingine. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimezoea kufuatwa.

Alhamisi mchana tuta likakatika. Watu wa bondeni walikuwa wamelala juu mlimani, kama nilivyowaambia, na asubuhi walishuka kulima kama kawaida, kwa sababu mtaalamu alikuwa hajafika kuwakataza. Wengi waliusikia mngurumo wakakimbia. Mzee Ladislaus alirudi kumfungua ndama. Walimpata siku ya pili, mbali, chini ya matope na perege.

Kamati ya uchunguzi ilipokaa, Meneja aliitoa fomu yangu. Utoro uko wazi, tuta kavu, salama, na saini yangu chini yake. Kila neno lilikuwa la kweli. Meneja aliambiwa alijenge upya kitaalamu. Kaimu Mhandisi alipanda cheo. Mimi nilipewa onyo na kuhamishiwa Kirando, nikapime visima huku nikinusa dagaa, na baada ya miaka michache nikarudishwa mjini.

Sasa nimestaafu, naishi Malangali, hapa hapa mjini, nina shamba dogo la mahindi na magoti mabovu. Vijana wa ofisi hunipita na kompyuta zao, wananiamkia vizuri, nami naitikia. Mwaka jana nilifunga safari, nikapanda pikipiki mpaka kwa Mama Beatha. Nilikuwa nimeyaandaa maneno ya kumwomba msamaha kwa muda mrefu. Nilimkuta anapalilia maharage pale pale bondeni, chini ya tuta jipya. Hana ardhi nyingine. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameegemea jembe.

"Yamepita, baba," alisema. "Mungu ndiye anajua." Kisha akalitazama tuta. "Na hili jipya, nani alilikagua?"

"Ni mimi, mama. Niliporudi kutoka Kirando."

"Mwezi gani?"

"Wa tisa."

Akalinyanyua jembe.

"Kwa gari la nani?"

Nikamwambia.