Mgeni Aliyekataa Kuku

Hata leo nikikumbuka kitambaa cha yule mtafiti nasikia kichefuchefu. Alikuja kwetu Kulesa kumhoji baba, ambaye saratani ya utumbo mpana ilikuwa imemla hadi akabaki mifupa. Madaktari walikuwa wamemtoboa tumboni, haja kubwa ikawa inaingia kwenye mfuko uliobandikwa ubavuni. Mifuko ilipokosekana tulifua ule ule. Nyumba ilinuka, sikatai. Lakini mtu anayesomea matunzo ya wagonjwa wasiopona anakaaje mlangoni, kitambaa chenye marashi puani, anamhoji mzee kama anayeulizia njia?

Na tulimngojea kwa hamu! Alikuwa ametuahidi kwa simu kwamba mgonjwa mwenye maumivu makali atamwombea mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu ambayo huku kwetu hatukuipata. Nikamsihi baba, "Mwambie ukweli wote." Mama akachinja jogoo, akapika na wali wa shamba letu.

Mtafiti akakataa. Eti ametoka kunywa chai Garsen, tumbo limejaa. Macho yake yalikuwa kwenye mfuko. Mama akafunika sahani, akairudisha jikoni.

"Mzee, kutoka sufuri hadi kumi, maumivu yako yamefika ngapi?"

Baba akajiweka sawa, jasho linamtiririka. "Mbili tu, bwana. Twashukuru."

Nikaruka. "Si kweli! Huyu halali, anauma shuka!"

"Dada, mimi naandika anachosema mgonjwa," akajibu, akaingia garini akaenda zake.

Nikamgeukia baba kwa hasira. Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye nisiye na akili. "Mwanangu, mgeni hata tonge hajatia kinywani. Ningemmwagiaje habari mbaya?" Ndivyo alivyolelewa: mgeni hula kwanza, shida zako baadaye. Adabu gani hiyo ya kumtesa mtu hadi kaburini! Ilinichukiza karibu sawa na kile kitambaa. Mofini haikuja.

Tulikuwa tumeshamzika baba, ndipo mtafiti akarudi Garsen kutusomea matokeo ukumbini. Akatangaza kwa sauti tamu kwamba wagonjwa wa huku wanastahimili maumivu vizuri sana. Watu wakapiga makofi, wapuuzi. Pilau ikaletwa, na siku hiyo tumbo lake lilikuwa na nafasi.

Nikaenda kukaa mbele yake. Sikumngoja ale. Kijiko kikiwa njiani nikaanza kumsimulia: mfuko unavyofumuka mgonjwa akikohoa, nyama inavyooza mtu angali anaongea nawe, baba alivyonisihi nimzibe mdomo majirani wasimsikie akilia. Kijiko kikarudi sahanini. Akasema pole sana dada, imetosha.

Nikamjibu haijatosha. Nilikuwa bado sijafika siku aliyokufa.