Watu wa Mikuki na Kibanja cha Mama Mdogo

Nilifunga safari kwa sababu ya hasira. Mama mdogo Koleta, mjane anayeishi kijiji cha Rubya, alinipigia simu kwamba jirani yake, Mzee Domisiano, anadai kibanja chake chote: migomba, kahawa, hata kaburi la mumewe. Babu wa mzee huyo aliongoza wapiganaji wa mfalme. Wajerumani walipofika akawatumikia, nao wakamwachia ardhi pamoja na watu waliokuwa juu yake. Mfumo huo, nyarubanja, ulifutwa baada ya uhuru. Domisiano anajua hivyo vizuri kuliko mimi.

Asubuhi niliondoka kwangu Ijuganyondo, mjini Bukoba. Siku hizo nilikuwa nikisoma habari za Wabatavi, kabila la wapiganaji lililokaa kando ya mto Rhine, mpakani mwa himaya ya Roma. Roma haikuwanyang'anya wakuu wao silaha. Iliwaacha waongoze vijana wao wenyewe, ila sasa katika vita vya Roma, ikawapa uraia na majina ya Kirumi. Vitabu husifu jinsi wakuu hao walivyoizoea hali mpya. Basi lilipopita Kemondo nilikuwa bado najiuliza jambo ambalo vitabu hivyo hulitaja kwa mstari mmoja tu: vijana hao walitoka nyumba za nani?

Rubya nilifika mchana. Mama mdogo alinipa kahawa ya kutafuna.

"Umekuja na wakili?"

"Nimekuja na mdomo, mama."

"Midomo tunayo ya kutosha hapa."

Alasiri tulikwenda kwenye baraza la ardhi, katika ofisi ya kijiji. Domisiano alikuja na mkuki wa babu yake, akauegemeza ukutani ili kila mtu auone.

"Babu yangu alipigana," alisema. "Ardhi hii ni jasho la vita."

"Alimpigania nani, mzee?" nikauliza. "Alibadilisha bwana, akabaki na heshima yake. Gharama wakalipa wapangaji. Wakuu wa mpakani walifanya hivyohivyo chini ya Warumi."

"Warumi! Na wewe Justiniani, jina hilo la Kirumi ulipewa na bibi yako wa Ihangiro?"

Baraza zima likacheka. Mimi pia, bila kupenda.

Ndipo akatoa hoja nzito. Kila Krismasi Koleta humpelekea kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. "Mpangaji ndiye humpelekea pombe mwenye ardhi. Wazee hapa wanakumbuka."

Wazee waliinamisha vichwa. Ni kweli, wapangaji walifanya hivyo zamani. Mama mdogo alishika ukingo wa benchi. Yeye alikuwa akimpelekea jirani, kama tunavyofanya sote tukikamua ndizi, na hakuwahi kufikiri kwamba ukarimu wake unawekwa akiba ya kumfukuzia.

Mwenyekiti, Mama Adelina, alimgeukia Domisiano kwa upole, kwa neno letu la heshima. "Waitu mzee, kibuyu hicho kilikuwa kikirudi kitupu?"

Domisiano aliinuka kama aliyetukanwa. "Kwetu? Nyumba ya mashujaa irudishe chombo kitupu? Mama yangu alikijaza kahawa! Mke wangu hukijaza maharage mpaka leo!"

"Basi hiyo ni kodi gani, inayorudishiwa maharage?"

Mzee angeweza kuyakana maneno yake, lakini angelazimika kuiita nyumba yake nyumba ya wachoyo, na hilo hakuliweza. Baraza likaamua kibanja ni cha Koleta. Domisiano alichukua mkuki wake akaondoka bila kumwomba radhi.

Kesho yake nilirudi Bukoba, hasira ikiwa haijapoa. Nimejifunza kwamba watu wa vita hawakosi namna ya kuishi vizuri chini ya mtawala mgeni, na kwamba tukiisoma habari yao tuanze na waliowekwa chini yao. Warumi wamekwisha, Wajerumani wameondoka, na bado mjane wa Rubya ameitwa barazani athibitishe kwamba mume wake amezikwa kwake.