Kidole cha Mtu wa Bungoma

Nilizaliwa Mabanga, nikaolewa upande wa Kiminini. Mume wangu Walubengo alipofariki, ndugu yake Wamalwa aliniambia nifunge vyombo nirudi kwetu Bungoma. Shamba halikuwa na jina langu. Hata kitambulisho changu kilikuwa bado cha Bungoma, maana Walubengo kila mwaka alisema tutakibadilisha mwaka ujao. Sikuondoka. Wakaniachia kipande cha chini, kando ya kijito, ambapo mahindi huota kwa kulazimishwa. Naishi hapo na binti yangu Edinah. Ana pumu.

Kijito hicho ndicho mpaka wa kaunti. Huku kwetu ofisi ziko Kitale, ng'ambo ni Bungoma. Ng'ambo hiyo kuna kiwanda cha sukari nguru cha mzee Wanyonyi. Anachemsha maji ya miwa kwa kuchoma tairi kuukuu. Moshi wake ni mweusi na unavuka bila kuuliza mtu.

Mwaka juzi kaunti yetu ilipitisha sheria ya moshi. Mtu wa kwanza kushikwa nilikuwa mimi. Nilikuwa nachoma mabua ya mahindi, kama kila mtu kila Januari. Askari wa kaunti alikohoa, akatazama ng'ambo, akasema, "Ule si wetu, mama. Wetu ni huu wako."

Nikazima. Siku hizi mabua nayalaza shambani yaoze. Udongo umekuwa mzuri kidogo. Sijamwambia askari.

Edinah aliendelea kulala ameketi.

Kisha redio ikatangaza kwamba Bungoma nao wanatunga sheria yao, na wananchi waende kutoa maoni. Nikaenda. Mlangoni karani aliniuliza natoka wapi. Nikasema Kiminini.

"Pole, mama. Hii ni ya watu wa Bungoma."

Wanyonyi alikuwa amekaa mbele. Akageuka. "Huyo si wa huku, bana! Analala kwao, anakula kwao, akitaka kukohoa ati ndio anakuja Bungoma!"

Watu wakacheka. Nikatoa kitambulisho. Karani akakisoma, akakigeuza, akakisoma tena.

"Huyu ni wetu," akasema.

"Wa kutoka lini?" Wanyonyi akauliza.

"Muulize shemeji yangu," nikamjibu. "Ananiambia nirudi Bungoma tangu nizike mume wangu. Si nimerudi?"

Walicheka zaidi, lakini safari hii hawakunicheka mimi. Sikusoma, kwa hiyo sikuwa na karatasi. Nilisema tu kwamba mtoto wangu anajua siku ambayo tairi zinachomwa kabla sijafungua dirisha. Karani akaandika. Nikaweka kidole.

Sheria ilichukua mwaka mzima. Sasa Wanyonyi anachoma makapi ya miwa yaliyokauka, na moshi wake ni mweupe, mwembamba. Edinah analala chali.

Siku maofisa walipokuja kuondoa tairi zilizobaki, nilisimama huku kwetu nikitazama. Zilijaza lori. Nikampigia dereva kelele, nikamuuliza anazipeleka wapi.

"Mbali, mathe."

"Mbali wapi?"

Akapanda, akafunga mlango. "Wewe si umepata hewa?"