Tawi Ambalo Sikulikata

Usiku huu nililala mapema, baada ya kula wali aliouleta Tatu, na usingizi ukanichukua kabla sijazima taa. Andika hivyo hivyo, mjukuu wangu Rehema, wala usipambe. Sikuwa na homa. Nililala mzee mwenye magoti mabovu, nikajikuta nimekaa juu ya pikipiki.

Ilikuwa ile ile ya ujana wangu, yenye tangi lililobonyea na taa niliyoifunga kwa vipande vya mpira. Jua la asubuhi lilikuwa mgongoni. Tupo Dodoma, kwenye mstari wa chokaa, wapanda pikipiki kumi na wawili, kila mmoja ana kidumu cha petroli nyuma na panga fupi kiunoni. Zilikuwa mbio za siku nne hadi Tabora, wakati ambapo njia nzima haikuwa na lami, na mahali pengine hapakuwa na njia yenyewe.

Kando yangu alikuwa Sefu. Huyo alikuwa rafiki yangu, tukifanya kazi gereji moja, na alifariki kabla baba yako hajazaliwa. Lakini pale mstarini alikuwa mzima, amejifunga kitambaa puani kuzuia vumbi, ananicheka kwa macho.

"Chande, pikipiki yako inakohoa. Umeipeleka kwa mganga?"

"Utaisikia ikikohoa mbele yako."

"Mbele yangu? Labda nikisimama kula."

Bendera ikashuka, nikaondoka. Nilipogeuka, Sefu hakuwepo, wala wenzetu wengine. Nilikuwa peke yangu katika nchi nyeupe, na mlio wa injini yangu haukuwa na mwangwi.

Sasa nikueleze habari ya yale mapanga, kwa maana bila hayo hutaielewa ndoto hii. Tulikuwa na sharti moja lisiloandikwa popote. Anayeiona hatari kwanza husimama, hukata tawi, hulilaza katikati ya njia hatua mia kabla ya hatari yenyewe, ili anayefuata apunguze mwendo. Madereva wa malori wanafanya hivyo hata leo gari likiwaharibikia. Kwetu sisi kazi hiyo ilichukua muda wa kunywa kikombe cha maji, na katika mbio muda huo ni mwingi. Hata hivyo tulisimama. Aliyepita bila kusimama hakuhesabiwa kuwa mtu.

Basi katika ndoto nakwenda, na kwenye kona ya kwanza nakuta tawi la mgunga limelazwa njiani, bichi, utomvu unatoka. Napunguza mwendo. Mbele hakuna shimo. Kona ya pili, tawi jingine. Ya tatu, tena. Kila ninaposimama njia ni salama, na kila ninapoondoka nakwenda polepole zaidi, kwa sababu naijua njia ile inakokwenda. Nataka kugeuza, usukani unakataa. Manyoni imepita. Vichaka vya Itigi vinanibana kulia na kushoto, miiba inakwaruza tangi, na mbele yangu kuna korongo.

Siku ya tatu ya mbio, Rehema, mvua ilikuwa imemegua ukingo wa korongo lile. Sefu alikuwa nyuma yangu, si mbali. Niliuona ukingo ulivyokatika, nikapenya kushoto mahali pembamba pa kupita mbuzi, nikatokea ng'ambo mzima. Hapo nikausikia mlio wake unakuja. Nikashika mpini wa panga. Nikilichomoa na kurudi kulaza tawi, Sefu atanipita, na sitampata tena hadi Tabora. Sikulichomoa, naye akatumbukia korongoni.

Katika ndoto nilisimama. Sefu alikuwa ameketi chini kabisa, kwenye mchanga wa korongo, hana damu wala jeraha, panga lake limelala magotini.

"Leo umesimama," akasema.

"Nimesimama."

"Siku ile uliuona ukingo?"

Nilitaka kusema kwamba vumbi lilikuwa jingi.

"Niliuona," nikasema.

Kuta za korongo zikawa kuta za ofisi, na mchanga ukawa sakafu. Karani wa mbio amekaa mezani na karatasi ya ushahidi wangu, ananisomea haraka haraka, kama alivyonisomea siku tulipomzika Sefu: marehemu alikuwa na mwendo wa kujionyesha, marehemu ndiye aliyejiponza. Ananisogezea wino. Siku ile nilitia dole gumba, kwa sababu sikujua kusoma lakini nilisikia vizuri kila neno. Katika ndoto nalikandamiza dole, halitoi alama. Limejaa utomvu wa mgunga. Nakandamiza tena. Karatasi inabaki nyeupe, na karani anangoja.

Nyuma ya meza ameketi Tatu, anachagua mawe kwenye mchele. Unamfahamu Shangazi Tatu, lakini hukujua kwamba ni binti wa Sefu, aliyezaliwa baba yake akiwa tayari kaburini. Amekua akisikia kwamba baba yake alijiua kwa kiburi. Akivunja chombo, ndugu za baba yake walimwambia amerithi kichwa kigumu cha Sefu. Juzi mwanawe alipoomba pikipiki, akamjibu, "Babu yako alijionyesha mpaka akafa, nawe unataka kumfuata?" Nilikuwepo. Nilikuwa nakula chakula chake, na sikuinua uso.

Sefu amesimama nyuma ya binti yake, na binti hamwoni. Ananyoosha mkono, ananipa tawi. Nalipokea, miiba inazama kiganjani.

"Mwanangu anapita hapa miaka yote, na hakuna alama njiani," akasema. "Mkatie tawi, Chande. Mwambie."

"Hataniita tena Baba Mdogo."

Akakipandisha kitambaa chake puani, taratibu, kama pale mstarini.

"Hilo si langu," akasema.

Akawasha pikipiki. Tatu akainua kichwa, kana kwamba amesikia kitu, akasikiliza. Nami nikaamka.

Taa ilikuwa bado inawaka. Ngumi yangu ilikuwa imekunjwa hata vidole vikakataa kufunguka, na bakuli la Tatu lilikuwa mezani, halijaoshwa. Ndipo nilipokuita, ukaja na daftari lako na usingizi machoni. Ulipofika kwenye dole gumba uliinua kalamu ukaniuliza, "Babu, na hili niliandike?" Nikakwambia hilo ndilo nililokuamshia.

Sasa nisomee yote, polepole, usiruke neno. Kisha niletee wino, nitie dole hili hili. Asubuhi Tatu atakuja kuchukua bakuli lake. Utamsomea mimi nikiwa nimekaa mbele yake. Asipotaka kuketi, msomee amesimama. Akitaka kuondoka kabla hujamaliza, mfuate mpaka mlangoni, uendelee kusoma.