Kompyuta Isiyomnyima Mtu

Jamani, mume wangu Ismaili atanitoa roho. Viazi vyetu hapa Malindi ya Lushoto anavifungia stoo kwa makufuli mawili, lakini kompyuta ya dukani, anayosafishia picha na kuchapia barua za watu, neno lake la siri soko zima linalijua. Kumnyima mkubwa, anasema, ni utovu wa adabu.

Fundi wa Lushoto mjini alimweleza akamaliza. Mfumo wa kompyuta una milango, yaani akaunti: mwenye nyumba awe na wake, mgeni apewe wa kwake, usiomruhusu kuweka programu yoyote. Na mfumo ukiomba kusasishwa, aukubalie, maana ndivyo unavyoziba matundu ya wezi. Ismaili akaitikia ndiyo, ndiyo. Fundi alipoondoka tu, akazuia kusasisha, eti kunamaliza bando. Na kumtengea mjomba wake mlango wa wageni, eti ni sawa na kumlisha uani. Sikio la kufa halisikii dawa.

Sasa jirani yetu Tatu, simu yake ilikuwa inakufa. Kabla haijazima kabisa akamletea Ismaili sauti ya marehemu mama yake, anaimba wimbo wa kubembelezea watoto kwa Kishambaa. Hata picha ya mama hana. Amebaki na hiyo sauti tu. Ismaili akaiweka kwenye kompyuta, akawa anaiondolea makelele. Nikamwambia atoe nakala. Kesho, akasema.

Kesho yake akaja mjomba Shabani na flashi ya filamu, kaiazima sijui kwa nani. Filamu ikagoma, ikadai programu kwanza; mjomba akabonyeza kubali, kubali, kwa mamlaka yote ya mwenye nyumba. Kufika jioni kila faili limefungwa, kioo kinadai fedha. Fundi alihangaika, akaishia kufuta kila kitu. Nililia kwa hasira, wallahi.

Tatu alipokuja hakugomba, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Wewe uliusikia mara nyingi, Ismaili," akasema. "Niimbie basi."

Mume wangu akaimba mstari wa kwanza. Akaurudia huohuo, akakwama.

Hapo mjomba akaingia, flashi mkononi, filamu nyingine. Ismaili akasimama, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mjomba. Kompyuta haiguswi."

Mjomba akanuna, akaondoka. Tatu alikuwa bado amekaa palepale, anangoja mstari wa pili.