Usingizi Wake wa Mchana

Siku hizi nyumba yangu ya Kavimvira ina kimya ambacho mke wangu alikiomba kwa miaka mingi. Redio ninaisikiliza kwa sauti ya chini, nimeiegemeza sikioni kama simu. Jirani anayetwanga sombe, majani ya muhogo, nilimwomba ahamishie kinu chake upande wa pili wa uzio. Alikubali huku akicheka, maana anajua kwamba kwangu hakuna anayelala mchana. Pazia la chumbani, lile zito la rangi ya kahawia, nimelishona pale lilipochanika. Kimya hiki ninaishi nacho peke yangu, na ninajua nilivyokipata.

Mke wangu ni muuguzi. Anafanya kazi katika kituo cha afya cha huko Sange, bondeni, na anakaa huko huko. Hatukuachana mbele ya mtu yeyote. Mahari haikurudishwa, watoto wetu, ambao sasa wana nyumba zao, hawakuitwa kwenye kikao. Yeye alihama kwa barua ya kazi, mimi nikabaki na nyumba.

Mimi nilikuwa mtu wa kiwanda. Nilimaliza sekondari, nikapata kazi kwenye kiwanda kilichokuwa kikisaga miwa, na baada ya muda wenzangu wakanichagua kuwa delege wa sendika, msemaji wao katika chama cha wafanyakazi. Cheo hicho hakikuwa na mshahara wake, lakini nilikipenda. Kiwandani saa ya usiku haikuwa sawa na saa ya mchana. King'ora kilipolia jioni, aliyeingia kazini alijua kwamba kila saa mpaka asubuhi inalipwa zaidi, na ya Jumapili zaidi tena. Mtu akipunjwa usiku mmoja alikuja kwangu, nami nilienda kugonga mlango wa bosi. Nilizoea kurudi na jibu. Hata sokoni watu walinisalimu, "Delege!", nami nilinyoosha mgongo.

Kiwanda kilipofungwa, nilirudi nyumbani na sauti ile ile, ila sikuwa tena na mlango wa kugonga.

Wakati huo mke wangu alikuwa katika hospitali moja ya serikali mjini, wodi ya wazazi. Zamu ya usiku, ile ambayo wao huiita garde, ilimwangukia mara nyingi kuliko wenzake, kwa sababu alikuwa na mkono mzuri wa kuzalisha, na pia kwa sababu hakujua kukataa. Noeli ilimkuta huko. Mwaka mpya ulimkuta huko. Mama yangu alipofariki, usiku wa kilio shangazi zangu waliuliza mkamwana yuko wapi. Nilijibu "Yuko kazini" kama mzazi anayeomba msamaha kwa ajili ya mtoto mtukutu.

Asubuhi alirudi, akavua viatu mlangoni, akanawa, akanywa chai. Kisha akavuta pazia. Na hapo ndipo mchana wangu ulipoanza. Wenzangu wa kiwandani, wote wakiwa hawana kazi kama mimi, walikuja kucheza dame barazani. Tulitumia vifuniko vya chupa, na aliyekula kete ya mwenzake aliipiga ubaoni kwa nguvu, vinginevyo ushindi haukuwa na utamu. Siku moja mke wangu alitoka ndani amejifunga kitenge kifuani, jasho likimtiririka kwa joto la mabati.

"Ba papa, naomba mupunguze sauti kidogo. Minye sijalala tangu jana."

"Mama, usiku ndio wa kulala," mmoja wetu alimjibu. "Weye unalala mchana kama popo!"

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Yeye alirudi ndani, na tangu siku hiyo rafiki yangu huyo hakumwita tena Mama. Alimwita Popo.

Kisha nikaanza kumuuliza kuhusu malipo. Alikuwa ameketi na ungo wa maharagwe mapajani, anachambua.

"Usiku wa juzi walikulipa ngapi?"

"Usiku haulipwi hivyo. Iko alama."

"Alama? Weye uko mwanafunzi?"

Alicheka kidogo, akakusanya maharagwe katikati ya ungo. "Angalia. Haya yote ni pesa wagonjwa walilipa mwezi huu." Akasogeza fungu pembeni. "Hii ya dawa." Akasogeza lingine. "Hii ya mafuta ya jenereta. Yanayobaki ndiyo tunagawana. Kila muntu ana alama zake kwa cheo chake, na usiku unaongeza alama. Wagonjwa wakikosa pesa, alama zinaweza kuwa nyingi na maharagwe yakawa haba."

"Na mshahara wa serikali?"

"Sina matrikule, ile namba ya mutumishi wa serikali. Serikali haijaniona bado."

"Basi usiku wako ni bure."

"Si bure. Iko haba."

"Kiwandani kwetu..."

"Kiwandani kwenu mulikuwa munapokea miwa. Sisi tunapokea watu, na wengine wanafika mikono mitupu."

Alinieleza vizuri, na ninakiri kwamba nilielewa. Ila niliona ni jambo la aibu, mtu akeshe hivyo kisha agawiwe masalia. Hadi leo sijabadili mawazo katika hilo. Lakini sikumuuliza yeye anataka nini. Nilichagua siku ya mgao, nikavaa shati langu la kiwandani lililopigwa pasi, nikaenda hospitalini bila kumwambia.

Wauguzi walikuwa wamekaa kwenye benchi refu nje ya ofisi ya msimamizi wa fedha. Mke wangu alikuwa mwishoni, mkoba wake magotini. Aliponiona alisimama nusu, akidhani nimeleta habari ya msiba. Nilimpita, nikasimama mlangoni, nikaanza kusema kama zamani. Nilisema saa ya usiku ina bei yake. Nilisema sikukuu ina bei yake. Nilitaja Noeli, nikataja mpaka kilio cha mama yangu.

Msimamizi alikuwa mtu mpole. "Papa, karibu, ukae."

"Sikai."

"Weye uko mutumishi wa hapa?"

"Mimi ni mume wake."

"Basi mama mwenyewe atuambie."

Wote walimgeukia. Nami nikamjibia: "Nimekuja kumsemea."

Muuguzi mmoja mtu mzima, aliyekuwa katikati ya benchi, akasema bila kupandisha sauti: "Eh, Papa. Sisi wote tuko na usiku. Yeye akiongezewa, itatoka wapi? Si kwa yetu?"

Nilimwelewa papo hapo. Nilizoea mlango wenye bosi nyuma yake. Nyuma ya mlango ule hakukuwa na bosi mwenye sanduku, walikuwa wao wenyewe na maharagwe yao. Ningeweza kuomba radhi na kurudi nyumbani, na labda wangelicheka jambo lile kwa wiki moja likaisha. Lakini watu walikuwa wakinitazama, na ilikuwa muda mrefu watu hawajanitazama. Nikasema: "Kama hamuwezi kulipa usiku, basi mke wangu asifanye usiku."

"Sawa, Papa," msimamizi akasema. "Tumesikia."

Jioni ile mke wangu alinipakulia chakula, akaketi mbali. Alisema neno moja tu: "Ungeniuliza."

Mwezi uliofuata alipangwa mchana mtupu. Alama zake zilishuka, na mgao wake ukashuka nazo. Wenzake waliobebeshwa zile zamu zake za usiku walimpa jina jipya, Madame Delege. Mgonjwa akiingia karibu na saa ya kutoka, walimwambia, "Madame Delege, nenda nyumbani, saa yako imeisha, tusije tukashitakiwa." Alinisimulia hayo mara moja, akiwa ananipa mgongo.

Mimi, kwa upumbavu wangu, wiki za kwanza nilifurahi. Nilikuwa na mke nyumbani usiku, kama wanaume wengine. Lakini hakuwa analala. Alilala ubavu ameuelekea ukuta, macho wazi, na asubuhi aliondoka amechoka kuliko zamani alivyokuwa akirudi. Mvua ikinyesha alikaa kitandani akisikiliza, kana kwamba kuna aliyemwita.

Siku moja nilimkuta anafunga godoro kwa kamba. Barua ya uhamisho ilikuwa imekwisha kutoka. Aliiomba mwenyewe.

"Sange?" nikamuuliza. "Kule iko nini?"

"Kule muuguzi wa kuzalisha niko peke yangu. Usiku wote ni wangu. Hakuna wa kunipimia."

"Na malipo?"

Aliacha kamba, akanitazama bila hasira, jinsi unavyomtazama mtu aliyekuuliza njia ya mji mwingine. Halafu akaendelea kufunga. Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia asubuhi ile, na hilo ndilo nililochagua. Sikumwambia abaki.

Siku hizi redio ikitangaza kwamba wauguzi wamegoma, wanadai malipo ya usiku na ya sikukuu, ninaongeza sauti kidogo. Wana haki. Mimi pia nilikuwa na haki pale mlangoni, kwa maneno. Ila yalikuwa maneno yake, nami niliyatoa mdomoni mwake kabla hajaamua kuyasema, nikayatumia kujitengenezea jina nililokuwa nimelipoteza.

Mwaka huu dada mkubwa wa mke wangu alifariki hapa Kavimvira. Alikuja kuzika. Alikesha kwenye kilio pamoja na wanawake, na asubuhi, badala ya kwenda kwa shemeji zake, alipiga hodi kwangu. Alivua viatu mlangoni.

"Ninalala kidogo," alisema.

Akaingia chumbani, akavuta pazia.

Nilihamisha kiti changu nikakiweka nje karibu na mlango. Mama muuza samaki akaanza kupita, "Ndakala! Ndakala mbichi!" Nilimkimbilia nikanunua vipimo viwili ili anyamaze, ingawa ndani nilikuwa na ndakala za jana. Kisha akaja rafiki yangu wa dame, ubao kwapani.

"Delege! Toka nikufunge!"

"Shh. Mama analala."

"Nani? Popo amerudi?"

"Amekuja kulala tu. Na usimwite hivyo."

Aliniangalia, akaondoka kwa ncha za vidole kama mwizi wa kuku.

Nilikaa pale nikimsikia anavyopumua. Nilipanga maneno. Nilitaka kumwambia nyumba imebadilika, kwamba kinu kimehamishwa, kwamba anaweza kufanya kazi usiku wowote anaotaka, nami sitauliza kitu. Kila nilipoyapanga yalitoka kama hotuba, nikayavunja.

Alitoka jua likiwa limeshaanza kuelekea milimani. "Nimelala," alisema, kama mtu anayeshangaa. Kisha, "Pazia umelishona kwa uzi mweupe?"

"Sikupata mwingine."

Alicheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kilivyo. Nilimletea chai, akainywa amesimama.

"Niende. Iko zamu leo."

Lile swali la zamani, la malipo, lilinifika kooni peke yake. Nililimeza.

"Ungebaki," nikasema.

Alishika kikombe kwa mikono yote miwili. "Leo siwezi. Iko mama mumoja kule, mutoto amekaa vibaya. Nilimwambia asianze bila minye." Hakusema kitu kuhusu kesho, nami sikuuliza.

Nilimbebea mkoba mpaka kwenye magari ya Sange. Alipata nafasi mbele. Dereva alikuwa amekwisha kuwasha injini mke wangu aliposhusha kioo.

"Nitakutafutia uzi wa kahawia," alisema.

Gari likaondoka, na vumbi lake likachukua muda kutua. Nilirudi kwa miguu. Nyumbani nilimkuta rafiki yangu amekaa barazani na ubao wake, amepanga vifuniko upande wake na upande wangu bila kuvigonganisha. Aliniuliza kwa kunong'ona kama sasa tunaweza kuongea.

Nikamwambia tunaweza.